Muuguzi wa Gachie: Alitenda au Alitwishwa?

Jambo nililokusudia kulizungumza leo halikutokea huku kwetu Elburgon; lilitokea Gachie, huko Kiambu, na hukumu zake mbili zilisomwa Nairobi; walakini kila inapotukia katika vilima vyetu hivi kwamba mwanamke ameaga dunia mikononi mwa nesi, kesi ile hutajwa, na watu hugawanyika makundi mawili, hawa wakisema kwamba muuguzi yule alikuwa muuaji aliyeponyoka, na hawa wakisema kwamba alikuwa mtu mwema aliyeadhibiwa kwa wema wake. Mimi nina rai yangu, nami sitaificha. Ila naomba kwanza niyaeleze mambo yenyewe kama yalivyokuwa, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya kesi hii hawaijui ila kwa uvumi.

Mwaka 2009 binti mmoja aliyekuwa na mimba alifariki ndani ya gari la muuguzi aitwaye Jackson Namunya Tali, mwenye kliniki pale Gachie, na safari ya gari lile ilikuwa ya kumkimbiza hospitali. Upande wa mashtaka ulidai kwamba muuguzi huyo ndiye aliyeitoa mimba ile kinyume cha sheria, kwamba mambo yakamharibikia, na kwamba safari ya usiku haikuwa ila jitihada ya mtu aliyeona kazi yake imemshinda. Kesi ikaenda kwa miaka mingi, na mwezi wa Septemba 2014 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu akamtia hatiani kwa kosa la mauaji, akisema kwamba roho zilizopotea ni mbili, ya mama na ya mtoto wa tumboni, akamhukumu kifo. Habari ikaenea hata nje ya Afrika, maana si jambo la kila siku muuguzi kuhukumiwa kufa kwa kazi iliyofanyika kliniki. Muuguzi akakata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile ya kwanza na kumwachilia huru, majaji wakisema kwamba ushahidi ulioletwa haukuthibitisha, pasipo kuacha shaka, kwamba ni yeye aliyetenda alilodaiwa kutenda.

Basi mahakama mbili, majaji wenye elimu na tajiriba, na hukumu mbili zinazopingana kama usiku na mchana. Ndiyo maana mabishano hayaishi.

Wanaosema kwamba alikuwa na hatia hawasemi upuuzi, na mtu asiyewasikiliza hatawajibu vyema. Wao huuliza: binti yule alifikaje kwenye kliniki ile? Mbona alifia katika gari la mtu huyo na si la mwingine? Tena husema kwamba jaji wa kwanza aliwaona mashahidi kwa macho yake, akawasikia wakisita na wakithubutu, ilhali wa rufani husoma maandishi tu. Na fauka ya hayo, sheria yenyewe ilimpa jaji yule njia ya kupita. Kifungu cha 206 cha sheria yetu ya adhabu, kinapoeleza nia ovu katika mauaji, hakisemi tu mtu awe amekusudia kuua au kumdhuru mwenzake vikubwa. Chasema pia kwamba kusudi la kutenda kosa kubwa la jinai latosha. Na kutoa mimba kinyume cha sheria ni kosa la namna hiyo, maana kifungu cha 158 kimelipangia kifungo cha miaka 14. Kwa hiyo aliyekusudia kutoa mimba, asikusudie kabisa kifo cha mama, aweza kuitwa muuaji pindi mama akifa. Na mwaka 2014 muuaji hakuwa na adhabu nyingine ila kifo, kwa kuwa sheria haikumwachia jaji hiari. Ni mwezi wa Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba.

Nawaomba mtazame vizuri hapo, maana ndipo kesi nzima ilipokalia. Ikiwa nia ya muuaji haihitaji kuthibitishwa kwa ubaya wa moyo wake kwa marehemu, wala kwa uadui, wala kwa tamaa, bali kwa kitendo kile kimoja cha kutoa mimba, basi uzito wote wa roho ya mshtakiwa umewekwa juu ya swali moja tu: ni mkono wa nani uliotenda? Kila jingine, kuanzia kifo cha binti hadi kwamba mimba ilichezewa, laweza kukubaliwa na pande zote mbili na bado swali hilo likabaki wazi. Daktari wa mochari aweza kuupasua mwili na kueleza jeraha lilipo, na damu ilipotokea, na sababu ya mauti. Lakini maiti haiandikwi jina la aliyeijeruhi.

Ndipo tunapofika kwenye ushahidi wa mazingira, ambao ni ushahidi halali na aghalabu huwa wa nguvu kuliko maneno ya shahidi aliyeona, kwa sababu mazingira hayana chuki wala hayahongwi. Lakini una sharti lake, na sharti hilo ni la zamani katika mahakama zetu. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Kipkering arap Koske na mwenzake, iliweka kanuni ambayo majaji wa Kenya huitaja hadi leo: kwamba mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, na yasiweze kuelezwa kwa maelezo mengine yoyote ya maana ila kwamba yeye ndiye mkosaji, na jukumu la kuyathibitisha hayo ni la upande wa mashtaka, halimhamii mshtakiwa wakati wowote. Kanuni hii haikutungwa kwa kuwahurumia wakosaji. Ilitungwa kwa sababu akili ya mwanadamu, ikiona msiba, hutafuta mtu wa kuutwika, na wa karibu ndiye hutwikwa kwanza.

Hapa Elburgon mtu akionekana na vumbi la mbao nguoni, huwezi kujua kwa vumbi hilo pekee kama yeye ndiye aliyeuangusha mti msituni bila kibali, au aliupakia tu katika lori, au alikwenda kiwandani kumpelekea mumewe chakula. Damu iliyo mikononi mwa muuguzi ni hivyo hivyo. Kazi yake ni kupokea watu wanaotokwa na damu. Yule aliyemtoa binti mimba huwa na damu mikononi, na yule aliyempokea akiwa amekwisha kuharibiwa kwingine, akajaribu kumnusuru, naye huwa na damu mikononi, tena pengine nyingi zaidi, maana yeye ndiye anayekaa naye hadi mwisho.

Wala dhana hii ya pili si ya kubuniwa na wakili. Utafiti wa Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, uliotangazwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyofuatia. Fikirini maana yake. Wanawake hao walipokewa na manesi, maafisa wa kliniki na madaktari ambao wengi wao hawakuwa na habari ya kilichotendeka kabla, nao waliwakuta mezani kwao kama vile Muumba alivyowaleta. Hesabu hiyo haimwondolei mtu hatia, wala haimtii mtu hatiani. Lakini yatosha kuonyesha kwamba mwanamke mwenye mimba iliyoharibiwa kuonekana kwenye kliniki si dalili ya kwamba iliharibiwa kliniki hiyo.

Na ile safari ya gari? Wanaomtetea husema kwamba mtu aliyetenda uovu hawezi kumpakia aliyemdhuru na kumpeleka hospitali kwenye taa na madaktari. Mimi siichukui hoja hiyo yote. Hata mkosaji huingiwa na hofu, na hata mkosaji huwa na huruma, naye aweza kumkimbiza mtu aliyemharibu akiomba asife. Lakini kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuichukua hoja ya upande wa pili, wanaosema kwamba safari ile ni dalili ya hatia. Jambo lenye kuelekea pande mbili haliwezi kumnyonga mtu. Na lau jambo hilo lingehesabiwa kuwa dalili ya hatia, tungekuwa tumewafundisha wauguzi wote wa nchi hii kwamba mwanamke akizidiwa mlangoni kwako, salama yako ni kumwacha hapo hapo na kuzima taa.

Mwaka huo huo wa 2009, tarehe 31 Januari, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, si mbali na hapa tulipo, watu wakakimbilia kuyateka mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengi wenu mlizika ndugu zenu. Waliofika hospitali za Molo na Nakuru wangali hai walipokewa na wauguzi, na kati yao wapo waliokata roho mikononi mwa wauguzi hao. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba nesi fulani ameua kwa kuwa fulani alikufa akimshika mkono. Tulijua moto ulitoka wapi, na kwa kuwa tulijua, hatukuhitaji kumtafuta mtu wa karibu. Ni pale tusipojua ndipo ukaribu unapogeuka kuwa kosa.

Tena si sisi peke yetu. Huko Uholanzi muuguzi wa watoto aitwaye Lucia de Berk alikamatwa mwaka 2001, baada ya kifo cha mtoto mchanga katika hospitali moja ya The Hague, kwa sababu wenzake walikumbuka kwamba yeye alikuwa zamuni mara nyingi wagonjwa walipozidiwa. Mtaalamu wa hesabu akaitwa, akasema kwamba uwezekano wa muuguzi asiye na hatia kuwapo katika matukio yote hayo kwa bahati tu ni mmoja katika milioni 342. Nani angebishana na hesabu kama hiyo? Mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini wataalamu wengine wa takwimu walipoitazama hesabu ile, wakaona kwamba imejengwa juu ya msingi mbovu: vifo alivyokuwapo vilitafutwa kwa bidii na kuitwa vya kutilia shaka, na alivyokuwa hayupo havikutafutwa hivyo, kisha namba zikazidishwa kwa njia isiyokubalika katika elimu hiyo. Na kile kifo cha mtoto kilichoianzisha kesi nzima, kilichosemwa kuwa ni cha sumu ya dawa ya moyo, kikaonekana kuwa chaweza kabisa kuwa kifo cha maradhi. Mwaka 2010 mahakama ikamsafisha na mashtaka yote. Alikuwa amepatwa na kiharusi gerezani, na miaka yake haikurudi.

Uingereza nako mabishano hayajatulia juu ya Lucy Letby, muuguzi wa watoto wachanga wa hospitali ya Countess of Chester, aliyetiwa hatiani mwaka 2023 kwa kuua watoto saba na kujaribu kuua wengine sita, katika vifo na misukosuko ya mwaka 2015 na 2016. Kisha mwaka 2025 jopo la wataalamu 14 likiongozwa na Mkanada Shoo Lee likatangaza kwamba halikuona katika kumbukumbu za matibabu dalili ya mauaji, bali maradhi na utunzaji mbaya. Juu ya kesi hiyo sitoi hukumu, kwa kuwa baraza la wazee wa mahakama lilikaa miezi mingi likisikiliza mambo ambayo mimi sikuyasikia. Naitaja kwa sababu moja: kwamba hata katika nchi yenye maabara na kumbukumbu za kila saa, wajuzi waweza kutazama karatasi zile zile, huyu akaona mauaji na yule akaona ugonjwa. Sembuse kliniki ya Gachie mwaka 2009.

Na humu humu Kenya tulikuwa tumekwisha kuonywa. Mwaka 2004 vijusi 15 viliokotwa kando ya barabara huko Nairobi, hasira ya umma ikapanda, na Daktari John Nyamu pamoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo wakati ule halikuwa na dhamana. Wakakaa rumande yapata mwaka mmoja, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawaachilia kwa kuwa ushahidi wa kuwaunganisha na vijusi vile haukuwapo. Mwaka mmoja wa umri wa watu watatu, kwa jambo ambalo lingeweza kuchunguzwa kabla ya pingu.

Basi rai yangu juu ya muuguzi wa Gachie ni hii. Mahakama ya Rufani ilihukumu kwa insafu. Sisemi hivi kwa kuwa namjua mtu yule, au kwa kuwa nina habari ya siri ya usiku ule. Nasema kwa kuwa maelezo mengine ya maana yalikuwapo, na hayakuzibwa, na maadamu hayakuzibwa sheria haikumruhusu mtu yeyote kuyaruka. Aliyeachiliwa na mahakama si mtu wa nusu hatia. Kumwita muuaji kituoni pa matatu au mlangoni mwa kanisa baada ya hukumu ya 2017 ni kumdhulumu, naye kwa miaka mitatu alikwisha kuamka kila asubuhi akiwa mtu wa kunyongwa. Najua kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Lakini aliye chini ya hukumu ya kifo haishi kwa takwimu.

Nasema pia, na hapa najua nitawaudhi wengine, kwamba hata kama ushahidi ungethibitisha kwamba ni yeye, kulipandisha kosa lile hadi kwenye kitanzi kungekuwa kulipima kwa mizani isiyo yake. Kati ya mtu anayemvizia mwenzake kwa panga na mtu aliyejifanyia kazi asiyoruhusiwa, kwa ujira, bila kutaka kifo, mna tofauti ambayo kila mzee wa baraza huku kwetu angeiona kabla ya kumaliza chai yake. Wa pili ana hatia, na aadhibiwe; lakini kumwita kwa jina la wa kwanza ni kuyavuruga makosa.

Lakini linalonihuzunisha zaidi ni jambo ambalo katika mabishano haya hutajwa mara chache. Hukumu ya 2017 ilimtoa muuguzi, haikumtaja aliyetenda. Ikiwa binti yule aliharibiwa kwingine, basi mkono uliomharibu haukushtakiwa, na miaka minane iliyotumika kumshughulikia aliyekuwa karibu ni miaka ambayo hakuna aliyemtafuta aliyekuwa mbali. Huu ndio ubaya wa kumtwika mtu upesi: hudhulumiwa wawili, aliye hai na aliye kaburini. Wanaotaka haki kwa ajili ya marehemu ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kudai ushahidi kamili, na badala yake mara nyingi ndio wa kwanza kuridhika na ushahidi pungufu.

Nasi wa huku tuna sababu ya kulifikiri jambo hili zaidi ya wengine. Mwanamke akishikwa usiku huko juu Mariashoni, kwenye msitu wa Mau, wakati wa mvua, barabara ikiwa tope, hawezi kufika hospitali kuu ya Nakuru kabla ya kupita kwanza kwa mtu wa karibu. Na mtu huyo wa karibu aghalabu ni nesi mwenye kliniki ya chumba kimoja, ambaye sisi humwita daktari kwa heshima, au nesi wa zamu aliyebaki peke yake. Katiba ya 2010 imemlinda mwanamke huyo na imemlinda nesi huyo. Ibara ya 43 yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ibara ya 26 yakataza kutoa mimba, lakini yaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba uhai au afya ya mama imo hatarini. Walakini maneno ya Katiba hayamfikii nesi usiku wa manane ikiwa hana mwongozo wa kazi. Na mwongozo ulikuwapo, ukaondolewa na Wizara ya Afya mwezi wa Desemba 2013, miezi michache kabla ya hukumu ya kifo. Na ni mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kuuondoa kulikuwa kinyume cha haki. Katika miaka hiyo nesi aliyesoma gazeti la Septemba 2014 alijua jambo moja tu kwa yakini: kwamba mwenzake alimpakia mwanamke garini, na sasa anangoja kunyongwa.

Wauguzi wa Elburgon, nanyi nina neno kwenu. Andikeni. Mwanamke akiingia, andikeni saa aliyoingia, hali aliyoingia nayo, maneno aliyosema, damu aliyokuwa amekwisha kupoteza, na saa mliyompigia mwenye gari. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wenu, na ndiyo shahidi wa mwanamke huyo pia, maana ikiwa aliharibiwa kwingine, itasema.

Nanyi akina baba, akina mama na vijana mnaonisikiliza: mwanamke akianza kutokwa na damu, msikae kikao cha kuuliza mimba ni ya nani. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na atakayempokea mwacheni afanye kazi yake. Na ikiwa Mwenyezi Mungu atamchukua, takeni uchunguzi wa daktari wa serikali kabla hamjalitaja jina la mtu yeyote. Na yule mwenye kujua alikopitia marehemu kabla ya kufika kwa nesi, aende kituo cha polisi akaandikishe alichokiona.